Hesabu ya Della

Usiku wa kuamkia kipindi kile nililala saa saba, nikimalizia kutafsiri "The Gift of the Magi" ya O. Henry. Ni hadithi fupi, ilichapwa mara ya kwanza New York mwaka 1905, na inasimulia mkesha wa Krismasi wa mke na mume wasio na kitu. Niliipa jina "Zawadi ya Mamajusi", na hapo tayari nilikuwa nimejitafutia kazi. Nusu ya darasa hawakuwahi kulisikia neno mamajusi, wale wenye hekima waliompelekea mtoto Yesu zawadi, na mmoja aliapa kwamba ni wadudu.

Wanafunzi wangu walikuwa na miaka 12 na 13. Ukutani nilikuwa nimebandika karatasi: msuko, mandhari, wahusika, msimulizi, dhamira, na mwisho kabisa, kwa wino mwekundu, kinaya, yaani mambo kutokea kinyume na yalivyotarajiwa. Hicho ndicho nilichokitaka. Della anauza nywele zake amnunulie Jim mkufu wa saa, kumbe Jim ameiuza saa yenyewe amnunulie Della vitana. Hayo mengine niliyaona kama ngazi za kupandia tu.

Tulikwama mwanzoni kabisa.

Hadithi inafungua na fedha alizonazo Della: dola 1 na senti 87, na kati ya hizo, 60 ni sarafu za senti moja moja. Anazihesabu mara 3. Binti mmoja wa dawati la nyuma, ambaye kwa kawaida kipindi changu kilimkuta akichora maua pembezoni mwa daftari, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, haiwezekani."

"Nini hakiwezekani?"

"Ukitoa 60 kwenye 187, zinabaki 127. Hiyo 7 ya mwisho ataipataje bila senti moja moja?"

Nikaandika 127 ubaoni. Tukajaribu sarafu za 5, za 10, za 25, za 50. Kila tukizipanga, pengo la senti 2 liko palepale. Masikio yakaanza kunipata moto; nikajua nimevuruga tafsiri. Nikachomoa nakala ya Kiingereza mkobani, nayo ikasema vilevile. (Baadaye sana nilisoma kwamba Marekani iliwahi kuwa na sarafu za senti 2 na za senti 3, zilizoacha kutengenezwa mwaka 1873 na 1889, kwa hiyo huenda Della alikuwa na kichele cha zamani. Siku ile sikulijua hilo, na nashukuru, maana ningelizima swali kabla halijawaka.)

Kuanzia hapo darasa zima likawa la wakaguzi wa mahesabu. Walisoma kalamu mkononi, wakiwinda tarakimu. Nywele: dola 20. Mkufu: dola 21. "Kwa hiyo anarudi nyumbani na senti 87," mmoja akapiga kelele, na mstari uliofuata ukasema hivyo hivyo; wakashangilia kama wamefunga bao. Kijana mwingine akarudi nyuma kwenye mshahara wa Jim, dola 20 kwa wiki.

"Mwalimu, nywele zake ni mshahara wa mumewe wa wiki nzima."

Mistari yote ile niliitafsiri mimi mwenyewe, na hilo sikuliona.

Tulipofika kwenye vitana, yule binti wa nyuma akauliza vilinunuliwa kwa bei gani. Karatasi zikafunuliwa. Hakuna. Na saa, Jim aliiuza kiasi gani? Hakuna.

"Mbona kwa Della tunajua mpaka senti, kwa Jim hatujui hata dola?"

Kimya. Nilikuwa na jibu mdomoni, nikalimeza.

"Kwa sababu hatukutoka na Jim," akasema mmoja polepole. "Siku nzima tulikuwa na Della."

"Basi msimulizi alijua," akadakia mwingine kwa hasira ya kweli, kama mtu aliyeibiwa. "Alijua saa imeshauzwa, akatuacha tuhangaike na mkufu!"

Kengele ikalia wakibishana kama huo ni ujanja halali au udanganyifu. Lile neno la wino mwekundu lilikuwa bado ukutani. Sikuwa nimelitamka hata mara moja.

Wakitoka, yule binti alisimama mezani kwangu akataka kujua kama Jim naye alibakiwa na chenji. Nikamwambia akamuulize msimulizi.

"Hatasema," akanijibu, akaenda zake.