Soksi za Mama

Ulianza mguu wa kulia. Ilikuwa Novemba 2014, wiki ya pili tangu nirudishwe Wete, Pemba, kutoka Dar es Salaam. Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka kando ya kitanda changu akipepeta mchele. Shuka ikanyanyuka. Goti likapanda lenyewe, likakaa juu likitetemeka, kisha likashuka taratibu. Ungo ukamponyoka mama, mchele ukatapakaa chumba kizima.

"Umerudi!" akapiga ukelele. "Njooni jamani, mwanangu kaujongeza mguu!"

Sikuwa nimeujongeza. Nilikuwa nautazama kama alivyokuwa akiutazama yeye, kama kitu cha mtu mwingine kilichowekwa kitandani kwangu. Lakini jirani wa kwanza alishaingia, na wa pili nyuma yake, na mama alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. Jioni ile akapika mkate wa kumimina akawagawia watoto wa mtaa mzima. Mimi nikanyamaza.

Nilijua ni nini. Septemba mwaka ule nilianguka kwenye mkarafuu, tawi limenivunjikia nikiwa juu kabisa, na pingili ya kumi ya kifuani ikasagika na kuuumiza ugwe wa mgongo, ile kamba ya neva inayopita ndani ya uti. Kuanzia kitovuni kushuka chini sisikii kitu. Wiki za kwanza miguu ililala kama mgomba uliokatwa. Muuguzi mmoja kule Dar es Salaam, mama wa makamo mwenye subira, aliniandaa mapema. "Hii miguu itakuja kukaza na kuruka," aliniambia. "Usije ukadhani umepona. Huo ugwe chini ya jeraha uko hai bado, ila sauti ya kichwa ya kuutuliza haifiki tena. Ni kama simu iliyokatika: wewe huku ukipiga hupatikani, wao kule wanazungumza wenyewe kwa wenyewe." Nikamuelewa vizuri. Lakini kumuelewa muuguzi ni jambo moja, na kumwambia mama yako aliyepika mkate wa shukrani ni jambo jingine kabisa.

Basi miezi ikapita na uongo wangu wa kimya. Kila mguu uliporuka, mama alisema "Alhamdulillahi."

Mke wangu yeye alijua. Alikuwa nami Dar es Salaam, akafundishwa pamoja nami, na kwa kweli alishika masomo kuliko mimi. Kila asubuhi alikishika kisigino changu kwa kiganja, akaukunja wayo kuelekea kwangu polepole, akaushikilia hapo mpaka msuli uchoke kubishana naye. Kwa pupa haifai. Ukiuvuta mguu ghafla unakaza zaidi. Mchana nililala kifudifudi kwa muda ili nyonga zinyooke. Mguu ukianza kutwanga sakafu, tatatata, kama cherehani, niliegemea goti kwa mkono mpaka kisigino kikae chini, ukatulia. Na nilikuwa na vidonge vya baklofeni, dawa ya kulegeza misuli, miligramu 10 mara tatu kwa siku, ambavyo kaka yangu alivituma kwa boti kutoka Unguja. Na niseme haki: mikazo haikuwa adui siku zote. Mguu uliokaza ulinisaidia kuhama kutoka kitandani kwenda kwenye kiti, na nilijifunza kuuchokoza kidogo kwenye paja ili goti lijikunje nivae suruali.

Ramadhani ya 2015 iliingia katikati ya Juni. Wote walinishauri nisifunge. Nikafunga. Nilikuwa nimenyang'anywa mengi mwaka ule, hilo sikutaka kunyang'anywa. Vidonge nikavihamisha: kimoja wakati wa futari, kimoja saa sita usiku, kimoja kwenye daku. Maana yake mchana kutwa sikuwa na dawa mwilini, na maji nilikunywa machache. Siku za mwanzo nikavumilia. Kufika siku ya kumi miguu ilikuwa haikamatiki, na mimi, kwa ujinga nisioweza kuutetea, nikaanza kumeza viwili viwili bila kumuuliza mtu. Miguu haikutulia. Nilichopata ni usingizi mzito na mikono iliyolegea, hata kujinyanyua kutoka kwenye kiti ikawa kazi, na mikono ndiyo miguu yangu.

Usiku wenyewe ulikuwa wa kumi na mbili. Watu walikuwa wanatoka tarawehe, nasikia viatu vyao njiani. Mara miguu yote miwili ikanyooka kwa pamoja, migumu kama milingoti, ikaninyanyua mgongo, ikanigeuza ubavu. Ikaachia. Kabla sijavuta pumzi ikarudia. Mara ya tatu ikanisukuma mpaka nusu ya mwili ikawa nje ya kitanda, na kama mke wangu asingenidaka begani ningeangukia sakafuni.

Mama akaingia na tasbihi yake mkononi. Akaitazama miguu. "Nguvu zinazidi," akasema kwa sauti ya chini, na uso wake ulikuwa na nuru ambayo siisahau. "Mwezi mtukufu huu, mwanangu. Dua zinajibiwa."

Nikanyoosha mkono kuchukua chupa ya vidonge. Mke wangu akaiondoa.

"Hapana," akasema. "Tuanze mwanzo, kama tulivyofundishwa."

Tulifundishwa hivi: miguu ikizidisha ghafla, usiulize miguu ina nini, uliza mwili una nini. Mahali usiposikia maumivu, maumivu hayakosi pa kutokea. Hutokea kwa mkazo. Akawasha tochi ya simu. Akaanza na mkojo, maana ndio mwanzo wa balaa nyingi, na mimi nilikuwa na kiu ya siku kumi na mbili. Akanawa mikono, akapitisha mpira, mkojo ukatoka. Mzito wa rangi, lakini haukuwa na uchafu wala harufu, na sikuwa na homa. Choo nilipata jana yake. Akalegeza fundo la kikoi changu kiunoni, akatazama kama kuna kilichobanwa chini. Akanigeuza ubavu, akamulika makalio, mkia wa uti, nyonga, polepole kama mtu anayetafuta sindano kwenye busati. Ngozi safi, haina hata wekundu. Miguu ikaruka tena, ikampiga tochi ikaanguka.

"Kumebaki nyayo," akasema.

"Mwache na soksi zake," mama akadakia. "Miguu yake baridi."

Hizo soksi zilikuwa kazi ya mama. Alizinunua Chake Chake, nzito, za rangi ya kahawia, na kila jioni baada ya magharibi alizivua na kunivalisha jozi nyingine kwa mikono yake. Hakuruhusu mtu mwingine. Macho yake yalikuwa na mtoto wa jicho, taa ya chumba ilikuwa hafifu, na mke wangu kwa heshima alimwachia.

Akaivua ya kulia. Hakuna kitu. Akaivua ya kushoto, nayo haikutaka kuvuka kidoleni, ilikuwa imeganda. Aliporowesha ikatoka. Kidole gumba kilikuwa kimevimba kama zambarau, ukucha umeingia kwenye nyama upande mmoja, usaha umejaa. Harufu ikatufikia wote watatu.

Hakuna aliyesema kitu. Mama akainama karibu sana, kama anavyofanya sasa ili aone, akakitazama. Kisha akaushika mguu wangu kwa mikono miwili, akauliza:

"Kwa hiyo mguu ulikuwa unalia?"

"Ndiyo, mama."

"Mimi nauvisha soksi."

"Hukuona, mama. Hata mimi sikusikia."

Akakaa. Nje watu walishapita, kimya. Nikajua swali linakuja na nikatamani lisije.

"Na siku ile ya mchele?"

Miezi saba nilikuwa nimemficha. Nikamwambia siku ile haukuwa unalia, wala haukuwa unarudi. Nikamweleza habari ya simu iliyokatika kama nilivyoelezwa, vibaya vibaya, huku miguu ikiruka katikati ya maneno yangu. Nikamwambia nilijua tangu siku ile ile. Mama hakulia. Aliuliza tu, "Na mkate ule ukaula?" Nikasema niliula. Akainuka akaenda kupika daku.

Asubuhi tulikwenda kituo cha afya. Tabibu alipojua sina hisia akataka kukata ukucha bila ganzi. Alipougusa tu kwa mkasi, mguu ukamrukia ukamwaga trei yake. Mimi sikuwa nimesikia hata mguso. Akaomba radhi, akachoma ganzi, akatoa kipande cha ukucha, akanipa dawa ya kuua vijidudu. Nikaacha kufunga, nikarudisha vidonge kwenye saa zake na kiasi chake, nikipunguza kidogo kidogo kama alivyoelekeza, maana baklofeni haiachwi ghafla. Siku ya nne miguu ikarudi kwenye mikazo yake ya kawaida.

Jioni ile ya nne, baada ya magharibi, mama akaja na soksi kama kawaida. Nyuma yake alikuwa binti yangu, miaka tisa, na tochi ya simu ya mama yake. Mama akakaa mkekani, akaichukua miguu yangu mapajani mwake, akageuza soksi ndani nje, akaipapasa kwa vidole kutafuta kama kuna unyevu.

"Haya mjukuu wangu," akasema. "Anza na kidole kidogo. Nisomee kimoja kimoja."