Kiondo cha shosho kilichonifundisha kulaza kamera

"Mtu simamisha, mahali laza." Hayo ndiyo maneno niliyopewa wiki ya kwanza ya kujifunza kazi ya picha, kwenye studio moja ya River Road, Nairobi, na mzee aliyenifundisha aliyatamka kama amri. Nikatembea nayo miaka 4. Mtu akikaa mbele yangu, kamera naisimamisha, picha itoke ndefu kwenda juu. Nikienda kupiga milima ya Ngong, nailaza, picha itoke pana. Naandika kwa sababu juzi nimesikia kijana akifundishwa vivyo hivyo, neno kwa neno, na nikakumbuka kazi ambayo ushauri huo uliniharibia.

Kazi yenyewe ilikuwa Kaloleni. Dada mmoja alinitafuta nimpige picha nyanya yake, shosho wa miaka 80 na ushei ambaye bado anasuka vyondo, vile vikapu vya mkonge. Alitaka picha moja kubwa ya kutundika sebuleni, upana kama mita moja hivi. Tukapatana elfu 8, au karibu na hapo, nauli juu yangu. Nikashukia City Stadium kama saa tatu na nusu asubuhi, jua likiwa bado laini.

Shosho alikuwa kwenye kigoda mlangoni, miguu ameinyoosha. Mapajani alikuwa na kiondo ambacho hakijaisha, na nyuzi zake zimetawanyika pande zote kama miale. Kila baada ya muda alichukua mkonge, akauviringisha juu ya paja kwa kiganja, na kamba ikatoka ikielekea kushoto, ambako mkono wa pili uliivuta hadi ukanyooka kabisa. Mwanga wa mlangoni nao uliingia kutoka upande huohuo. Kila kitu pale kilikuwa kinakwenda kando. Mimi nikaona mtu, nikasimamisha kamera.

Nilipiga zaidi ya picha 200, zote za kusimama. Katikati ya kazi shosho alinitazama, akaniuliza, "Mjukuu wangu, mbona hicho chombo umekipindua?" Nikamjibu kwamba ndivyo picha ya mtu inavyopigwa. Akanyamaza, akaendelea kusuka.

Jioni nikamtumia yule dada picha 10 bora. Akajibu: "Kaka, shosho amependeza sana. Lakini kiondo kiko wapi?"

Nikazifungua upya, na safari hii nikaziona. Uso ulikuwa mzuri, kila kunyanzi kinaonekana. Lakini mkono wa kushoto ulikatwa kifundoni. Kamba ilifika ukingoni ikapotea, kwa hiyo haikujulikana anavuta nini. Nusu ya kiondo haikuwapo. Na juu ya kichwa chake, karibu theluthi nzima ya picha, kulikuwa na ukuta mtupu na msumari mmoja.

Nikajaribu kuokoa. Wengi husema, "Piga tu vyovyote, utakata baadaye," kwa hiyo nikakata. Kamera yangu hutoa picha ya nukta (pikseli) 6000 kwa 4000. Ukiisimamisha, upana ni zile 4000. Ukitaka kutoa humo picha ya kulala yenye umbo lilelile, kimo kinabaki kama 2667, yaani kutoka nukta milioni 24 unabaki na chini ya milioni 11. Hilo ningelivumilia, maana picha ya ukutani hutazamwa kwa mbali. Kisichovumilika ni kwamba ule mkono haukuwa mahali popote. Kukata huondoa tu. Nilikaa hadi saa sita usiku nikisogeza mipaka juu na chini, na kila nilipoisogeza nilipata picha ya bibi aliyekaa karibu na kitu fulani.

Asubuhi nikampigia simu yule dada, nikamwambia ukweli: nimekosea, nitarudi Jumamosi kwa gharama yangu. Alikubali bila maneno mengi, na mpaka leo namshukuru.

Katikati ya wiki nilifanya kitu ambacho nilipaswa kukifanya miaka 4 iliyopita. Nilipima. Kwa lenzi ya milimita 50, mita 2 kutoka kwa mtu, kamera iliyosimama inachukua upana wa sentimita 96 na kimo cha 144. Ukiilaza, inakuwa kinyume chake. Sasa mfikirie shosho: kwenye kigoda kichwa chake kiko kama mita moja na kidogo kutoka sakafuni, lakini toka nyuzi za kulia hadi mkono wa kushoto ni zaidi ya mita moja na robo. Akiketi kazini, yeye ni mpana kuliko alivyo mrefu! Nikilaza kamera na kurudi nyuma nusu mita, anaingia wote, na kiondo chake chote.

Hapo ndipo nikatengeneza kile kikadi ambacho sasa sitoki nyumbani bila hicho. Nilikata boksi la biskuti, nikatoboa dirisha la sentimita 9 kwa 6. Sensa ya kamera yangu, yaani kile kibamba cha ndani kinachopokea mwanga, ni milimita 36 kwa 24, kwa hiyo dirisha ni mara mbili na nusu yake, umbo lilelile. Nikafunga kamba kwenye ukingo, nikaipiga mafundo. Fundo la kwanza liko sentimita 12 na nusu kutoka kwenye kadi: ukilibana shavuni, karibu na jicho, ukafumba jicho la pili, dirisha linakuonyesha kile ambacho lenzi ya 50 itachukua. Fundo la pili liko sentimita 21, hilo ni la lenzi ya 85. Unakisimamisha kikadi, unakilaza, unakisimamisha tena, na hujatoa kamera begini. Kama sensa yako ni ndogo kuliko hiyo, piga hesabu yako upya, mafundo yatasogea mbali zaidi.

Jumamosi nilikaa na shosho karibu saa nzima nikitazama kupitia kikadi tu. Alipokuwa anaviringisha kamba, dirisha la kulala lilijaa sawasawa. Lakini aliposimama kuninyanyulia kiondo kilichokamilika, kikining'inia kwa mkanda wake mrefu kutoka kiganjani hadi magotini, nikajikuta nimesimamisha kadi bila kufikiri. Mtu yuleyule, mlango uleule, dakika 10 tofauti. Nikapiga zote mbili. Alipoona uzi wa plastiki kwenye kikadi changu aliukata, akanisokotea wa mkonge, mafundo nikayapiga upya mbele yake.

Na ile nusu ya pili ya amri, "mahali laza"? Nilienda Mbuga ya Taifa ya Nairobi miezi michache baadaye. Mbuga ile ilianzishwa mwaka 1946, na majengo ya jiji yanaonekana nyuma ya wanyama. Twiga alisimama tuli, shingo juu, na nyuma yake Britam Tower. Huruhusiwi kushuka kwenye gari hapo, kwa hiyo hata kusogea huwezi. Uamuzi pekee uliobaki mkononi ni kugeuza kamera. Nilipoilaza nikapata nyasi nyingi, anga nyingi, na kitwiga katikati. Nilipoisimamisha, twiga na mnara vikawa vitu viwili virefu vinavyotazamana, jiji na mbuga pamoja. Kisha akaanza kutembea, na picha ikafa: pua yake inagusa ukingo, hana pa kwenda. Nikailaza haraka, nikamwachia nafasi mbele. Ukisimamisha kamera, mkono wa kushoto ubaki chini ya lenzi na kiwiko kikae mbavuni, la sivyo kwenye gari utatikisika.

Watu huniambia kwamba kulaza ndiyo asili ya kamera, kusimamisha ni nyongeza. Si asili. Filamu ya sinema ilipita wima, picha zake milimita 18 kwa 24. Oskar Barnack, Mjerumani aliyebuni kamera ya Leica, aliilaza, akaunganisha nafasi mbili kuwa moja ya 24 kwa 36, na Leica ilipoanza kuuzwa mwaka 1925 umbo hilo likaenea. Simu nayo imezoea kusimama kwa sababu ya kiganja chetu. Yote mawili ni mazoea ya vyombo, na shosho hakuwa na habari na chombo chochote. Alijua tu kamba yake inaelekea wapi.

Ile picha ya kulala ilichapishwa kwa upana wa mita moja, iko juu ya kochi. Ukisogea karibu unaweza kuhesabu nyuzi. Ile ya kusimama, mjukuu ameiweka kwenye simu yake, na kila akinipigia humwona kwanza shosho na kiondo chake kabla ya jina langu.