Siku Moja ya Shahidi Mtaalamu Kutoka Mwanza

Mimi ni mwalimu wa sosholojia katika chuo kimoja hapa Mwanza, lakini kwa zaidi ya miaka kumi nimekuwa pia nikiandika ripoti za hali ya nchi kwa ajili ya kesi za Watanzania wanaoomba hifadhi ughaibuni. Jaji wa uhamiaji aliyeko Uingereza au Marekani hutakiwa kuamua kama mtu fulani akirudishwa Magu au Geita atadhurika, ilhali yeye mwenyewe hajawahi kukanyaga huku, na ndipo wakili hutafuta shahidi mtaalamu atakayeeleza mambo yanavyokwenda bila kuegemea upande wowote. Nasimulia hapa Jumanne moja ya mwezi Septemba. Habari za waombaji nimezibadilisha ili wasitambulike.

Saa 11 alfajiri

Nilikaa mezani wakati taa za wavuvi wa dagaa zingali zinaonekana ziwani. Ripoti iliyokuwa mbele yangu ilikuwa ya kesi ya Uingereza, na mwombaji ni mjane wa miaka sitini na ushei kutoka wilaya ya Magu. Watoto wawili walifariki katika mji wa ukoo wa mumewe, mganga akapiga ramli, na kidole kikaelekezwa kwake. Wizara ya Mambo ya Ndani ya Uingereza haikupinga kwamba imani hizo zipo Usukumani. Ilimkatalia kwa sababu mbili: kwamba hana karatasi yoyote ya polisi kuthibitisha kuwa aliwahi kulalamika, na kwamba hata kama Magu si salama, angeweza kuhamia Dodoma au Dar es Salaam.

Sababu ya pili ndiyo nzito. Kwa jinsi Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951 unavyotafsiriwa, mtu hahesabiwi kuwa mkimbizi ikiwa ndani ya nchi yake kuna mahali anapoweza kuishi kwa usalama, na ambapo si kumwonea kumtaka aende. Kesi nyingi ninazoandikia hushinda au hushindwa hapo, wala si katika swali la kama uchawi unaaminiwa.

Aya ya 34 ya rasimu yangu, inayojibu hoja hiyo, ilianza hivi: "Haiwezekani kwa mwombaji kuishi kwa usalama mahali popote Tanzania." Nililisoma neno hilo la kwanza mara tatu. Katika ripoti yangu ya kwanza kabisa niliandika neno la aina hiyo, kwa sababu nilimhurumia mwombaji na nilidhani huruma inaruhusu. Jaji aliandika katika hukumu kwamba shahidi amegeuka wakili, akaiweka kando ripoti nzima, hata zile kurasa ambazo kila sentensi yake ilikuwa ya kweli. Mwombaji alipoteza ushahidi wake mkubwa kwa neno langu moja. Sijaisahau hukumu ile, na sitaki kuisahau.

Mjini London shahidi mtaalamu hutia saini tamko kwamba wajibu wake ni kwa baraza linaloamua, si kwa aliyemwita wala kwa anayemlipa. Kwa hiyo nilipiga mstari chini ya "haiwezekani" na kuamua kwamba neno hilo lingebaki au kuondoka kulingana na nitakayoyasikia siku hiyo.

Saa 2 asubuhi

Nilipita kwanza katika ofisi ya serikali ya mtaa, Igoma, kumwona mwenyekiti ninayemfahamu kwa miaka mingi. Alikuwa na mgeni, mama wa makamo aliyekuja kuomba barua ya utambulisho ili apangishwe chumba. Mwenyekiti alifungua daftari lake la wakazi, lenye jalada jeusi lililobanduka pembeni, akauliza kwa upole kabisa: "Mama, umetoka wapi? Umefikia kwa nani? Kitambulisho cha NIDA unacho? Na huko ulikotoka, nani anakufahamu nimpigie?" Akaandika kila jibu, na namba ya simu ya mjumbe wa huko mama alikotoka.

Mama yule alipoondoka nilimuuliza mwenyekiti ingekuwaje kama asingekuwa na wa kupigiwa simu. "Mwalimu," aliniambia, "mgeni asiye na mwenyeji ni mgeni wa mashaka. Simfukuzi, lakini majirani watamuuliza wao."

Mtu anayesoma faili akiwa mbali huona miji mikubwa yenye mamilioni ya watu na kudhani kwamba mwanadamu anaweza kupotelea humo. Haoni kwamba chumba hupatikana kwa barua, barua hupatikana kwa kutaja ulikotoka, na laini ya simu husajiliwa kwa alama za vidole. Wala hajui kwamba jina la Kisukuma na lafudhi yake hujibu swali la "kwenu wapi" kabla mwenyewe hajaulizwa. Hayo yote si mabaya. Ndivyo mitaa yetu inavyolindwa. Lakini kwa mtu anayekimbia sifa mbaya, ulinzi huohuo ndio unaomfichua.

Saa 4 asubuhi

Nilipanda haisi ya Magu, tukapita Kisesa, nikashuka na kuchukua bodaboda hadi kijiji ambacho sikitaji, na ambacho pia si kijiji cha mwombaji. Huo ni mwiko wangu: silitaji jina la mwombaji, na sikanyagi kwao. Habari kwamba amesema nini kwa wazungu kuhusu ukoo wa mumewe ikiwafikia wenyewe, mimi ndiye nitakuwa nimeitengeneza hatari ambayo nimeitwa kuieleza.

Mwenyeji wangu alikuwa bibi aliyepita miaka sabini. Nilimsalimu "Shikamoo bibi," akaitika marahaba, kisha akaniuliza habari za mjini kwa Kisukuma, nami nikajibu kadiri ninavyoweza. Tulikaa jikoni kwake kwa sababu alikuwa anapika. Mafiga matatu, sufuria ya michembe, na chini yake kinyesi cha ng'ombe kilichokaushwa, kwa kuwa kuni katika tambarare hizi zimekuwa haba tangu miti ilipokatwa kupisha pamba na mifugo. Dirisha hakuna. Baada ya robo saa machozi yalikuwa yakinitoka, naye alikuwa akiyapangusa ya kwake kwa ncha ya khanga bila hata kukatisha maneno. Macho yake yalikuwa mekundu kama ya wanawake wote waliopika hivyo kwa miaka hamsini. Ni wekundu huo ambao katika kanda hii umewafanya vikongwe wengi waitwe wachawi, na wengine wakatwe mapanga usiku. Ripoti huandika "macho mekundu" kwa maneno mawili tu. Mimi nimeamua kuandika pia moshi.

Nilimuuliza kwa ujumla: wanawake waliotajwa na waganga wa ramli chonganishi, wakahama, waliishia wapi? Alinisimulia habari za wawili. Mmoja alipanga chumba Buhongwa, akauza mboga, akaishi kwa amani yapata miaka miwili, hadi mtu wa kijijini alipomtambua msibani. Mtoto wa jirani alipougua wiki chache baadaye, mwenye nyumba alimwomba ahame. Wa pili alikwenda Dar es Salaam kwa mwanawe mwenye nyumba yake Mbagala, na yuko huko mpaka leo, anaimba kwaya, na watu humwita kwa jina la mjukuu wake.

Kwa nini mmoja alifuatwa na neno na mwingine hakufuatwa? Bibi alikoroga michembe, akasema: "Mwanangu, mwenye mtoto wa kumtetea haitwi mchawi mara mbili."

Simulizi hiyo ya pili haimsaidii mwombaji, na wakili wake asingeifurahia. Niliiandika daftarini kwa urefu uleule wa ile ya kwanza.

Saa 8 mchana

Mjini Magu nilizungumza na askari mstaafu kuhusu ile karatasi ya polisi. Alinieleza jambo ambalo nimelisikia mara nyingi, lakini kila mara nataka kulisikia upya kabla sijaliandika. Anayeripoti hupewa namba ya RB, yaani ya kumbukumbu ya taarifa yake kituoni. Aliyejeruhiwa hupewa fomu ya PF3 aende nayo hospitali. Kikongwe aliyeitwa mchawi na bado hajapigwa hana jeraha la kuandikiwa PF3, na anaogopa kuomba RB, kwani Sheria ya Uchawi, iliyotungwa tangu enzi za Mwingereza mwaka 1928, inauhesabu uchawi kuwa kosa, na yeye anaona anakwenda kujipeleka mwenyewe. Anayemwita kumhoji kijijini ni sungusungu, walinzi wa jadi, nao huita kwa mdomo au kwa yowe. Hapo ofisa wa Uingereza hudai karatasi yenye muhuri!

Saa 10 jioni nilifundisha kipindi kimoja, nikasahihisha majaribio machache, nikarudi nyumbani.

Saa 3 usiku

Mashariki mwa Marekani ilikuwa saa 8 mchana. Kesi hii ilikuwa ya kijana mwenye ualbino kutoka mkoa wa Geita, nami nilikuwa natoa ushahidi kwa njia ya video. Nilikula kiapo mbele ya jaji wa uhamiaji, ambaye kwa mfumo wa Marekani ni mtumishi wa Wizara ya Sheria. Wakili wa kijana aliniongoza kwa nusu saa, kisha yakaja maswali ya dodoso kutoka kwa wakili wa serikali.

Alikuwa amejiandaa vizuri. Je, si kweli kwamba serikali ya Tanzania imechukua hatua? Nilijibu kwamba ni kweli, na nikazitaja mwenyewe: wanaume watatu waliohukumiwa kunyongwa mjini Kahama mwaka 2009 kwa kumuua mvulana mwenye ualbino, na marufuku ya waganga wapiga ramli ya mwaka 2015. Nilikiri pia kwamba mashambulizi yamepungua sana kuliko miaka ya 2007 na 2008. Kisha nikasema kwamba kupungua si kukoma, na nikaeleza kuhusu mtoto wa miaka miwili aliyeporwa nyumbani kwao Muleba, mkoani Kagera, mwishoni mwa Mei 2024, na mwili wake kupatikana mwezi uliofuata ukiwa umekatwa viungo. Na Februari 2025 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, iliamua kwamba Tanzania ilikiuka haki za watu wenye ualbino.

"Basi utuambie," alisema, "uwezekano wa kijana huyu kudhurika ni asilimia ngapi?"

Nilijibu kwamba sina asilimia ya kumpa, kwa kuwa matukio yaliyohesabiwa ni yale yaliyoripotiwa tu. Ninachoweza ni kueleza nani hulengwa, wapi, na nini humlinda. Mahakama ya Juu ya Marekani yenyewe ilieleza mwaka 1987 kwamba hofu yaweza kuwa na msingi hata uwezekano ukiwa mmoja kati ya kumi, lakini kulipima hilo ni kazi ya jaji. Aliuliza pia kama namwamini kijana huyo. Nilisema kwamba sijawahi kukutana naye, na kwamba masimulizi yake yanaafikiana na ninayoyajua kuhusu eneo lile; zaidi ya hapo si langu kusema.

Jaji alishukuru, akasema uamuzi utatolewa kwa maandishi. Mara nyingi hakuna anayekumbuka kuniarifu uamuzi ulikuwa upi.

Saa 5 usiku

Nilirudi kwenye aya ya 34. Katika faili, mjane wa Magu ana mtoto mmoja tu aliye hai, na mtoto huyo yuko Uingereza. Niliweka simulizi zote mbili za bibi, ya Buhongwa na ya Mbagala, bila majina, nikaongeza maswali ya mwenyekiti wa mtaa kama nilivyoyasikia. Kisha nilifuta "Haiwezekani" na kuandika: "Kwa mjane aliyetajwa na mganga, ambaye ana mtoto au ndugu wa kumpokea mjini, kuhama huweza kumpa usalama. Kwa asiye na mtu wa kumpokea, ni vigumu sana, na sababu zake ni hizi zifuatazo."