Parachuti Moja Tu

Jana nimepita tena Lauterbrunnen, Uswisi, nikashindwa kuinua macho kwenye yale majabali. Rafiki yangu alikuwa akiruka kutoka huko juu. Siku moja nilimuuliza, "Na isipofunguka?" Akanieleza kwamba anayeruka kutoka kwenye ndege hubeba parachuti ya akiba, lakini yeye hubeba moja tu, jabalini hakuna muda wa kufungua ya pili. Aliyasema hayo akinimiminia chai, taratibu, bila kumwaga tone.

Na alikuwa mwangalifu, jamani! Upepo ukibadilika alirudi nyumbani bila kuruka, wala hakuona haya. Parachuti aliikunja sebuleni, kapiga magoti, nami nikinyata pembeni nisiikanyage.

Zulia lile mpaka leo nalizunguka.