Karabai ndani ya chumba cha baba

Baba alikuwa mvuvi wa dagaa, na mvuvi wa dagaa hulala mchana. Giza likiingia mtumbwi unatoka, karabai zinawashwa juu ya maji, dagaa wanaufuata mwanga, nyavu zinavutwa hadi alfajiri. Pale kwetu Kitangiri, Mwanza, alikuwa akifika saa mbili asubuhi, ananawa, anakunywa uji na kuingia kulala. Saa tatu jirani anawasha mashine ya kusaga.

Sikuwa na ugomvi na jirani. Alikuwa akitafuta riziki kama sisi, na unga wetu tulisaga kwake. Lakini mashine yake ilikuwa hatua chache tu kutoka dirisha la baba, na miaka ilivyozidi kwenda ndivyo usingizi ulivyozidi kumkimbia mzee. Usiku mmoja wa mwaka 2008 alisinzia akivuta wavu, akaenda kichwa mbele. Mwenzake akamdaka kwa ukosi wa koti. Baba alimsimulia mama asubuhi yake kwa sauti ya chini kabisa. Mimi nilikuwa chumba cha tatu, na nilisikia kila neno. Nyumba yetu ndivyo ilivyokuwa.

Bahati nzuri tulikuwa kwenye ukarabati. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, na baba alikuwa ameniweka niwe saidia fundi kwenye nyumba yetu wenyewe. Nikajipa kazi ya chumba chake. Nilikuwa nimesikia kwamba wanaorekodi muziki hubandika trei za mayai ukutani, basi wiki mbili nzima nilizunguka kwa wauza chipsi wa Kirumba nikiomba trei. Nikazigongomelea ukuta mzima, kuanzia chini hadi juu. Nilipoongea mle ndani sauti yangu haikurudi tena, nikafurahi. Saa tatu mashine ikawashwa, na kelele zikaingia zile zile.

Trei ni karatasi. Inameza mwangwi wa sauti iliyokwisha kuingia, basi. Ya nje inataka kitu kizito, na hata uzito una mipaka: baadaye nilikuja kusoma kwamba ukiongeza uzito wa ukuta mara mbili unapunguza desibeli kama 6, wakati sikio linahitaji kama 10 ndipo lione kelele imepungua nusu. Kumbe hata ningejenga ukuta wa pili ubavuni mwa ule wa kwanza nisingefika mbali, kwa sababu kelele hazikuwa zikipita ukutani.

Aliyeligundua hilo ni baba mwenyewe. Mbalamwezi ilikuwa imeanza, na mwezi ukiwaka dagaa hawaji kwenye taa, kwa hiyo alikuwa nyumbani kwa siku kama kumi. Usiku wa pili akabeba karabai yake, akaipampu hadi ikanguruma, akaiweka katikati ya chumba, akafunga mlango na dirisha, kisha akatuita wote nje.

"Zungukeni mtazame," alisema. "Panapotoka mwanga ndipo kelele zinapoingilia."

Sijasahau nilichokiona. Chini ya mlango palikuwa na mstari mweupe, mnene kama vidole vitatu. Dirisha la luva lilionekana kama kitana, kila kioo na ufa wake. Pembeni ya fremu, ambapo fundi wa zamani hakujaza saruji, nuru ilichomoza kama sindano. Ila ya kushangaza ilikuwa juu. Silingi bodi zilikuwa zimeachana, mwanga ukapanda darini na kumwagika kwenye upenu wote, kama vile paa limeelea tu juu ya nyumba.

Asubuhi fundi akapanda na tochi. Aliposhuka alikuwa mweupe kwa vumbi la unga.

"Mzee, kuta zako hazina kosa. Zimeishia usawa wa dari. Huko juu ni uwanja mmoja, kuanzia upenu wa kwa jirani hadi jikoni kwako."

Tukafanya kazi tukihesabu siku za mwezi. Kuta nne za chumba tukazipandisha kwa tofali za kuchoma hadi kugusa bati, na upenu tukauziba. Dari tukaipiga bodi tabaka la pili, maungio ya juu yasikutane na ya chini. Dirisha la upande wa mashine tukalijenga kabisa, tukafungua jingine upande wa ziwa, maana mchana upepo hutoka ziwani na bila hewa baba angepikika humo. Chini ya mlango nikapigilia mpira wa tyubu ya baiskeli.

Siku ya saba baba akaingia kujaribu. Akatoka akitikisa kichwa. Makelele yalikuwa yamekwisha, alisema, ila kitanda kinamtetemesha. Akaweka bakuli la maji sakafuni akaniita nichuchumae. Juu ya maji palikuwa na vimduara vidogo vinavyocheza bila kukoma.

"Hii haiji na hewa, mwanangu. Inakuja na jiwe."

Ni kweli. Nyumba yetu na banda la mashine vilikaa juu ya mwamba mmoja, kama zilivyo nyumba nyingi za vilimani Mwanza. Jiwe huwezi kuliziba. Nikaenda kwa mshona katambuga, nikapata vipande vya tairi, nikavibebanisha viwili viwili chini ya kila mguu wa kitanda, kisha nikakisogeza kitanda kisiguse ukuta. Mtetemo haukuisha, ila ulipungua kiasi cha mtu kuweza kuusahau.

Mwezi ukaisha, baba akarudi ziwani. Asubuhi ya kwanza alikunywa uji akaingia. Saa tatu mashine ikawashwa, nami nikasimama uani moyo ukinidunda, nikingoja mlango ufunguke kama siku zote. Haukufunguka. Saa nne. Saa sita. Saa tisa alasiri mama, ambaye hajazoea hali ile, akaingiwa na hofu. Akabisha mara tatu, kimya, akasukuma mlango.

Baba alikuwa amelala chali, mdomo wazi, mkono mmoja ukining'inia nje ya kitanda, magamba ya dagaa yamekaukia kwenye kucha. Mama alimtazama kwa muda mrefu. Kisha akaurudisha mlango polepole, mpira wa tyubu ukiburuzika sakafuni, akanifanyia ishara ya kidole mdomoni.