Siku Tuliyofika Qalhat

Nilipostaafu ualimu mwaka 2012, mimi na mke wangu tuliwekeana ahadi kwamba sehemu ndogo ya kiinua mgongo changu, pamoja na kodi ya vyumba viwili tunavyopangisha uani, itatengwa kwa ajili ya kutembea nchi za watu maadamu miguu yetu bado ina nguvu. Kwa miaka thelathini na mitatu nilikuwa nimefundisha somo la historia, nikichora ubaoni ramani za miji ambayo sikuwahi kuitia machoni, na niliona si haki niondoke duniani bila kuiona hata michache. Mke wangu aliniunga mkono kwa moyo wote, ingawa kila nilipomwuliza yeye angependa kwenda wapi, alijibu kwamba mwalimu ni mimi, nichague.

Nikachagua Misri, tukaenda mwaka 2014. Miaka miwili baadaye tukaenda Istanbul. Sitaki kuyasimulia yote ya huko, kwa sababu safari hizo mbili zilifanana: nilikuwa na daftari lenye ratiba ya kila saa, na tulikimbizana nayo. Pale Giza nilisimama chini ya Piramidi Kuu nikahesabu matabaka ya mawe, na ndani ya Hagia Sophia, iliyokuwa ingali makumbusho wakati huo, niliinua shingo kulitazama kuba lile hata kichwa kikaniuma. Mke wangu alitazama pia, lakini mara nyingi nilipogeuka nilimkuta amesimama na mtu: mama anayeuza mikate ya duara yenye ufuta, mzee anayefagia ua wa msikiti, binti anayelinda viatu. Hawakuwa na lugha moja, wakielewana kwa ishara na tabasamu, nami nilimwita, "Mama, tunachelewa." Alikuja bila kunung'unika, nami sikufikiri zaidi.

Januari 2019 tulikwenda Oman, na safari hii ilinipa furaha ya pekee tangu kuipanga, kwa kuwa mji wa kale wa Qalhat ulikuwa umeingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka uliotangulia. Mke wangu amezaliwa Kilwa Kisiwani, ambako magofu yake yamo katika orodha hiyo hiyo tangu mwaka 1981, na mtu mmoja anaiunganisha miji hiyo miwili kwa kalamu yake. Ibn Battuta, msafiri kutoka Morocco, alifika Kilwa mwaka 1331, wakati wa Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye watu walimwita Abu al-Mawahib kwa ukarimu wake; kisha akavuka bahari hadi Dhufar, akaifuata pwani ya Uarabuni, na chombo chake kilipotia nanga Sur aliiona Qalhat kwa mbali, akadhani ni karibu, akaamua kwenda kwa miguu. Nilikuwa nimewasimulia wanafunzi sehemu ya Kilwa mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Sehemu ya Qalhat sikuwahi kuifundisha, maana haikuwamo katika muhtasari wa masomo.

Tulikaa Muscat siku tatu. Tuliingia Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos, ambao zulia lake lililofumwa kwa mkono lina mita 70 kwa 60, na jioni tulitembea katika soko la Muttrah kati ya moshi wa ubani na maduka ya halua, ambako mara mbili tulisikia watu nyuma yetu wakisema Kiswahili cha Unguja kana kwamba tuko Darajani. Siku ya nne asubuhi tulikodi gari la kijana mmoja ambaye bibi yake mzaa mama alizaliwa Pemba. Alipomwamkia mke wangu, "Shikamoo, mama," mke wangu aliitikia kwa sauti ya mtu aliyefika kwao, na kuanzia hapo hao wawili walizungumza njia nzima. Mimi nilikaa kiti cha nyuma na daftari langu, nikitazama bahari upande wa kushoto na milima mikavu upande wa kulia, barabara ikifuata pwani kuelekea Sur.

Qalhat iko kiasi cha kilomita ishirini kabla ya kufika Sur. Tulipopanda kilima, kitu cha kwanza kuonekana kilikuwa jengo la kaburi ambalo wenyeji wanaliita la Bibi Maryam, limesimama peke yake juu ya uwanda wa mawe: kuta nne nene zenye matao, na juu yake masalio ya kuba lililobomoka. Inasimuliwa kwamba Bibi Maryam alilijenga kwa ajili ya mumewe, Ayaz, mtawala wa Hormuz na Qalhat, mwanzoni mwa karne ya 14, na Ibn Battuta ameandika kwamba msikiti aliojenga mama huyo ulikuwa na kuta za vigae vya kauri. Ameeleza hata maana ya neno "bibi" kwa watu wa huko, kwamba ni mwanamke muungwana, maelezo ambayo Mswahili hahitaji kupewa.

Lakini palikuwa na uzio, na lango lilikuwa limefungwa kwa kufuli. Kazi za ukarabati zilikuwa zikiendelea na wageni hawakuruhusiwa kuingia. Kijana wetu alipiga simu hapa na pale kwa dakika kadhaa, akarudi akitikisa kichwa. Nakiri kwamba nilifadhaika sana. Nilikuwa nimelisubiri jengo lile kwa miezi, nami nikashika waya za uzio kwa mikono miwili nikalitazama kutoka mbali, kisha nikapiga picha kadhaa na kusema twende zetu Sur, tukaone karakana za majahazi, angalau siku isipotee.

Mke wangu akasema, "Mwalimu, keti kidogo."

Alikuwa amekwisha kukaa juu ya jiwe lenye kivuli cha gari, ametandika kanga yake ya pili mahali pangu. Chini yetu uwanda uliteremka hadi baharini, na kila mahali yalitapakaa mawe ya nyumba zilizokuwapo: misingi, vipande vya kuta, mistari ya vichochoro. Mbuzi walipita katikati. Nikaanza kumweleza, kama ilivyo desturi yangu, kwamba Mreno Afonso de Albuquerque aliuteketeza mji huu mwaka 1508, miaka mitatu tu baada ya Mreno mwenzake Francisco de Almeida kuipora Kilwa, na kwamba mji haukuinuka tena. Alinisikiliza hadi nikamaliza. Kisha akaniambia jambo ambalo katika miaka thelathini na minne ya ndoa yetu hakuwahi kuniambia.

Alisema kwamba alipokuwa mtoto kule Kisiwani, wakati baba yake akivusha watu kwa mashua kutoka Kilwa Masoko, ng'ambo ya bara, wageni walikuwa wakishuka pwani na kamera zao, wakipelekwa Msikiti Mkuu, kisha ngome ya Gereza, kisha kasri la Husuni Kubwa, na kurejea chomboni kabla maji hayajapwa. Yeye na wenzake walicheza pembeni mwa kuta hizo hizo. "Walipiga picha ukuta," alisema, "na sisi walituomba tusogee tusiingie katika picha. Hata salamu walikuwa hawatupi. Nikamwuliza mama, kwani hawajui kwamba huu mji una wenyewe? Mama akaniambia, labda wanadhani sote tulikufa siku ile."

Akanyamaza kidogo, halafu akaongeza kwa upole ule ule kwamba hata mimi, mwaka wa kwanza nilipofika kwao kuposa, niliomba nipelekwe Husuni Kubwa kabla sijamaliza kuamkia wazee.

Nilikumbuka. Nilikumbuka joto la siku ile, kofia niliyovaa, na jinsi shemeji yangu alivyonipeleka bila kusema neno. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na saba, mwalimu mpya, na furaha ya kuyaona magofu niliyoyasoma vitabuni ilinitoa katika adabu. Nilikumbuka pia masomo yangu yote ya Kilwa, ambayo yalianza na masultani na kuishia na Wareno, na baada ya hapo kengele ililia na kitabu kikafungwa. Sikuwahi hata mara moja kuwaambia wanafunzi kwamba mama yao wa nyumbani kwa mwalimu anatoka huko, na kwamba huko watu wanavua samaki na kuoza mabinti zao hadi leo. Nilimwomba radhi pale pale juu ya mawe, kwa maneno machache, kwa kuwa sikuwa na mengi. Alinishika mkono. Tulikaa hivyo hadi kivuli cha gari kilipotuhama.

Aliponyanyuka hakwenda garini. Alimwuliza kijana, "Kile ni kijiji cha nani?" akionyesha nyumba nyeupe upande wa chini, na kijana akajibu kwamba ndiyo Qalhat, watu wapo. "Basi tukawaamkie," akasema.

Mlangoni mwa nyumba ya kwanza alitupokea mama mtu mzima aliyevaa vazi la rangi ya kijani, na baada ya salamu ndefu, ambazo kijana alizifasiri kwa bidii kwenda na kurudi, mke wangu aliingizwa ndani kwa wanawake, nami nikakaribishwa barazani na mzee wa nyumba. Zikaja tende na kahawa. Mzee alipoelezwa kwamba tumetoka Afrika ya Mashariki alisema mara moja, "Zinjibar," na akaeleza kwamba baba yake mdogo alikuwa baharia wa majahazi ya Sur, akienda na kaskazi, wamepakia tende na samaki wakavu, na kurudi na kusi wakiwa na boriti. Nikamwambia kwamba boriti nyingi za aina hiyo zilikatwa katika mikoko ya Rufiji, kaskazini ya kwao mke wangu. Aliinua macho akaangalia dari lake mwenyewe, ambalo sasa ni la zege, akasema kwamba nyumba ya babu yake ilikuwa na boriti hizo.

Hatukuachiwa tuondoke bila kula. Walileta sinia ya wali, na juu yake samaki wa kuchoma, na nilipouona nilikumbuka kwamba Ibn Battuta alifika Qalhat amechoka mno, miguu imevimba ndani ya viatu hata damu ikakaribia kutoka chini ya kucha, akakaa siku sita kwa mkuu wa mji bila kuweza kusimama, na akaandika kwamba samaki wa huko, waliochomwa juu ya majani ya miti na kuliwa kwa wali, hakuwahi kula mfano wake popote. Mkono wangu ulikwenda mfukoni kutafuta daftari. Kutoka ndani nilisikia sauti ya mke wangu ikieleza jambo polepole, kisha kijana akifasiri, kisha wanawake wakiuliza wote kwa pamoja. Walitaka kujua kutoka Masoko hadi Kisiwani mashua inachukua muda gani, na maji yakipwa watu hushukaje. Nikaliacha daftari mfukoni, nikanawa, nikasogea kwenye sinia.

Sur tulifika usiku. Karakana za majahazi zilikuwa zimefungwa.