Tulivyolipeleka darasa la habari mwaloni Igombe

Nafundisha uandishi wa habari chuo kikuu hapa Mwanza. Nilipokabidhiwa mafunzo ya nje ya chuo, yaani kozi fupi kwa walio kazini na madarasa ya wazi kwa wananchi, kitu cha kwanza nilichotafuta ni kalenda inayoonyesha mwezi mpevu. Wavuvi wa dagaa wanategemea giza: taa inawashwa juu ya maji, dagaa wanaifuata, wavu unafanya kazi yake. Mbalamwezi ikiwaka, taa haina nguvu na mitumbwi mingi inapumzika. Ukitaka watu wa mwalo wa Igombe, yaani pale mitumbwi inapoegesha na kushusha samaki, wakae nawe chini ya mti mpaka somo liishe, nenda siku hizo. Ukienda wakati wa giza, wavuvi wamelala mchana na kina mama wako kwenye chanja wanageuza dagaa, nani akusikilize? Niliuomba uongozi ratiba yetu ifuate mwezi badala ya muhula. Ilibidi niandike maelezo marefu, lakini walikubali.

Wataalamu waliojiandikisha ni waandishi wa redio za hapa, muuguzi wa zahanati na afisa uvuvi. Sikuwatenga. Niliwakalisha benchi moja na wavuvi na wachuuzi, kwa sababu sisi wa kandokando ya Ziwa Victoria tumepitia Mei 1996 ya kuzama kwa meli ya MV Bukoba na Septemba 2018 ya kupinduka kwa kivuko cha MV Nyerere kule Ukara. Mwandishi, mtaalamu na mwananchi wakikutana mara ya kwanza siku ya msiba, wamechelewa.

Afisa alipewa zoezi la kueleza kazi yake. Akaanza na kanuni, kifungu baada ya kifungu. Mama mmoja muuza samaki akanyoosha mkono.

"Samahani baba, huyo sangara mnayemkataza ana urefu gani? Nionyeshe."

"Chini ya sentimita 50 haruhusiwi, mama."

Mama akaomba rula, akailaza kutoka kwenye kiwiko mpaka ncha ya kidole cha kati, akaongeza vidole viwili pembeni. "Basi ni mkono wangu na vidole viwili. Si ungesema hivyo tangu mwanzo?"

Mwandishi wa redio aliyekaa karibu naye alikuwa ameshaandika. Hiyo ndiyo ilikuwa sentensi ya kwanza ya kipindi chake, na afisa mwenyewe sasa anaitumia akipita mialoni.

Somo la kurekodi halikuwa na mambo mengi. Upepo wa ziwa unaharibu sauti, basi simu inafungwa kwa pindo la kanga, unaupa upepo mgongo, unaendelea.

Lililotuchukua muda ni haki ya kupata taarifa. Wanawake wa dagaa wanalipa ushuru na walitaka kujua unatumikaje. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inamruhusu raia kuandika maombi, na mwenye taarifa anatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Baadhi ya waandishi waliokuwepo walikuwa hawajawahi kuitumia. Tukaandika barua pamoja. Rasimu ya kwanza ilijaa manung'uniko, yote ya haki kabisa, ila halikuwemo jambo hata moja ambalo mtu wa ofisini angeweza kulijibu. Tulikata mstari mmoja mmoja. "Tunaonewa" ikatoka, ikaingia "ushuru uliokusanywa mwaka jana katika mwalo huu ni shilingi ngapi, na umetumika kwa kazi zipi?" Nionavyo mimi, hapa ndipo chuo cha habari kina la kumpa kila mtu, awe muuguzi au mchuuzi: kuigeuza kero iwe swali. Wakati huohuo waandishi walijifunza kwa kina mama ni swali lipi lina uzito, maana wao wanalijua kwa mifuko yao.

Jibu lilikuja kabla ya siku hizo 30 kuisha. Lilisomwa kwa sauti mwaloni, mbele ya watu wengi kuliko waliowahi kuhudhuria darasa. Kiasi kilichokusanywa kilitajwa. Kazi zilizofanyika zilielezwa nusunusu. Niliporudi mwezi ulipokuwa mpevu tena, nikiwa na rasimu ya kufuatilia mkobani, nilikuta kina mama wameshaandika barua ya pili wenyewe na kuipeleka.